Muulize Mwalimu: Ofisi ya ruzuku, serikalini, sasa naitwa kufundisha uchumi, je nimepotea njia?

Habari zenu wasomaji. Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa watu wa mahesabu, sijui mmepangana au vipi, lakini mimi nimefurahi maana ndo njia niliyopita mwenyewe, nimeshika ruzuku za chuo, nimekaa serikalini, sasa nashika chaki. Barua ya kwanza nitaikalia muda mrefu, zingine tutazipitia haraka.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni dada wa miaka 41. Nilianza kazi chuoni ofisi ya ruzuku nikakaa miaka 9, kusoma masharti ya wafadhili, kupanga bajeti za miradi, kukimbizana na wahadhiri waniletee risiti. Baadae nikaingia utumishi wa umma, idara ya bajeti, miaka 7. Sasa chuo kimoja kimeniomba nifundishe uchumi wanafunzi wa mwaka wa kwanza, masta ninayo. Kaka yangu ananiambia mtu wa kazi tatu hana kazi, ukisoma sivii yangu unaona mtu anayerukaruka. Kweli nimechelewa? Na nitawafundisha nini mimi ambaye maisha yangu yote yamekua mafomu? (Dada wa Mafomu)

Marahaba dada, na pole na hayo mafomu. Nianze na kaka yako maana naona yeye ndo anakunyima usingizi kuliko hao wanafunzi. Muulize, anamjua Keynes? Yule John Maynard Keynes ambaye huwezi kufundisha uchumi mkubwa, yaani ule wa nchi nzima, bila kumtaja, mwaka 1906 alifanya mtihani wa kuingia utumishi wa umma Uingereza akashika nafasi ya pili, nafasi ya wizara ya fedha akaichukua aliyekua wa kwanza, yeye akapelekwa kwenye ofisi iliyokua inasimamia mambo ya India, na kichekesho ni kwamba uchumi ulikua kati ya masomo yaliyompunguzia alama kwenye mtihani huo huo. Akakaa miaka miwili akachoka na mafaili, 1908 akarudi Cambridge kufundisha uchumi, 1915 katikati ya vita ya kwanza ya dunia akaingia wizara ya fedha, 1919 akajiuzulu kwa hasira baada ya kuona masharti ya amani waliyokua wanabebeshwa Wajerumani. Na kuanzia 1924 mpaka anafariki 1946 alikua mtunza fedha mkuu wa chuo chake, King's College, yaani mtu wa hisa, mashamba na mahesabu ya chuo. Watu wanamkumbuka kwa nadharia tu wanasahau kwamba jamaa alikua anakaa na leja. Sasa huyo naye tumwambie alikua anarukaruka?

Halafu kuna mwanauchumi Arthur Lewis, na huyu ndo nampenda zaidi. Kazaliwa 1915 Saint Lucia, kisiwa cha Karibiani, kamaliza shule ana miaka 14, mdogo mno hata kufanya mtihani wa skolashipu, ikabidi akae anasubiri, na hiyo miaka ya kusubiri aliimalizia ofisi ya serikali kama karani. Miaka mingi baadae akiwa ameshashinda Nobeli ya uchumi, 1979, aliandika mwenyewe kwamba ile kazi ya ukarani ndo ilimfundisha kuandika, kuchapa, kupanga mafaili na kuwa mtu wa utaratibu, ingawa akalalamika kidogo kwamba ilimnyima muda wa kusoma historia na fasihi. Katikati hapo amefundisha London, akafundisha Manchester, 1957 akaenda kuishauri serikali ya Ghana ndo kwanza imepata uhuru, 1959 akaongoza chuo kikuu cha kule kwao West Indies, 1970 akawa rais wa kwanza wa benki ya maendeleo ya Karibiani. Kwahiyo ukarani, ushauri, uongozi wa chuo na ualimu vyote kwenye sivii ya mtu mmoja.

Tuje kwako sasa. Unasema maisha yako yote ni mafomu, mimi nakwambia maisha yako yote ni hela yenye masharti, na hizo kazi zako tatu ni viti vitatu vya meza moja. Chuoni ulikaa kiti cha anayepokea, mfadhili kaleta hela kasema hii ni ya maabara tu, usinunulie gari, ripoti kila miezi mitatu, na kazi yako ikawa kuishi ndani ya masharti ya mtu ambae hujawahi hata kumuona. Serikalini ukahamia kiti cha anayetoa, sasa wewe ndo unaandika masharti na wewe ndo unajiuliza hivi hawa nikiwapa watafanya nilichosema au watanizunguka. Na darasani utakaa kiti cha tatu, cha kueleza kwa nini aliyepokea alizunguka na kwa nini aliyetoa hakuona. Hicho cha tatu kina walimu wengi sana ambao hivyo viwili vya kwanza hawajawahi kuvikalia hata siku moja, na wanafunzi wanawajuaga.

Nikupe mfano ambao unao tayari kichwani ila hujaupa jina. Chuo kilipanga kununua vitabu vya maktaba kwa hela yake. Ikaja ruzuku ya vitabu. Risiti zote za vitabu zikabandikwa kwenye ruzuku, safi kabisa, mkaguzi kapita hajaona tatizo, lakini ile hela ya chuo iliyokua ya vitabu imeenda wapi? Imepaka rangi jengo la utawala. Kwahiyo mfadhili anadhani amenunua vitabu, kumbe amenunua rangi. Wewe uliliona hilo mara ngapi kwenye miaka 9? Ndo maana kwenye mikataba ya ruzuku kunakuaga na kile kipengele kwamba hela hii iongeze, isichukue nafasi ya ile iliyokuwepo. Ukiwaeleza hivyo wanafunzi kwanza, halafu ndo uje na mstari wa bajeti ubaoni, ule mchoro wa vitu gani hela uliyonayo inaweza kununua, wataelewa siku hiyo hiyo.

Na ukishafika hapo uwape upande wa pili, maana hapa ndo utamu ulipo. Nadharia ya kawaida inasema ukiipa halmashauri ruzuku isiyo na masharti ni sawasawa na kuwaongezea wananchi wake kipato, kwahiyo sehemu kubwa ingetakiwa irudi kwa watu, labda kwa kupunguziwa kodi. Watafiti walipoangalia wakakuta sivyo, hela inabaki pale pale ilipotua, serikali ikipewa inatumia serikali. Arthur Okun, mwanauchumi aliyekua mshauri mkuu wa uchumi wa rais Lyndon Johnson, ndo anasifiwa kwa kuipa jina la karatasi ya kunasia nzi, yaani nzi akitua hapo hatoki. Sasa weka hizo hadithi mbili pamoja, kwenye moja hela inateleza, kwenye nyingine hela inaganda, uwaulize darasa ni lini inateleza na ni lini inaganda. Wewe uliyeona bajeti kutoka pande zote mbili utaweza kuongoza ubishi huo, mwenye vitabu peke yake atakimbilia slaidi inayofuata.

Lakini nikuonye, uzoefu pia unaweza kukuangusha, mimi uliniangusha. Siku yangu ya kwanza darasani nlifundisha kama naandika dokezo kwa bosi, usuli, hoja, maoni, mapendekezo, kila kitu kimenyooka, dakika 40 nimemaliza mada ya wiki mbili, nikauliza kuna swali? Kimya. Nikafurahi nikajua wameelewa wote. Jaribio la kwanza likaniambia ukweli, karatasi ni nyeupe kama zilivyotoka dukani. Serikalini unazoea kumuandikia mtu ambae ana haraka na anajua nusu ya jambo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana haraka na hajui hata kwa nini tunauliza. Ilinichukua muhula mzima kujifunza kuwaacha wakosee kwanza ndo niongee.

Kosa lingine ni hadithi. Ukitoka kazini una hadithi mia, na kila hadithi ina ladha, ukijiachia unageuza kipindi kuwa kijiwe. Nilijiwekea sheria, hadithi moja kwa kipindi, na isiyoweza kuchorwa kwenye grafu au kuandikwa kwa mlinganyo naiacha nje. Na majina ya watu na taasisi usiyataje kabisa, kiapo cha siri cha utumishi hakiishi siku unayokabidhi kitambulisho.

Kuhusu sivii, usiipange kwa vyeo, vyeo ndo vinafanya ionekane inaruka. Ipange kwa maamuzi, andika ulisimamia ruzuku ngapi kwa wakati mmoja, kaguzi ngapi umepita na matokeo yake, uliandaa makadirio ya sekta gani, umeandika miongozo gani ambayo wengine waliitumia. Halafu kaka yako umpelekee hiyo mpya. Miaka 41 kuanza kufundisha, dada, mbona unafika umeshiba.

Mwalimu, mimi ni mhadhiri, nimeandika andiko langu la utafiti usiku na mchana, nimepata ruzuku, chuo kinakata asilimia kabla hata sijanunua kalamu. Ofisi ya ruzuku wanasema ni gharama za uendeshaji. Huu si wizi wa mchana? (Mtafiti Mwenye Hasira)

Profesa punguza hasira, nimekaa upande ule wa dirisha na nimetukanwa na wenzako vya kutosha. Maabara yako inatumia umeme? Kuna mtu anafagia? Kuna mhasibu anayelipa wasaidizi wako, mwanasheria aliyesoma mkataba, mtu wa manunuzi, jengo lenyewe linalozeeka? Hivyo vyote havimo kwenye bajeti yako kwa sababu havigawanyiki kwa mradi, huwezi kusema balbu hii ni ya utafiti wa huyu na ile ya yule. Ndo maana vinakatwa kwa asilimia.

Tufanye hesabu ya kubuni tu. Mradi wako una gharama za moja kwa moja 100. Gharama halisi za chuo kuubeba ni 30. Mfadhili anakubali kulipa 10 tu juu yake. Hapo kila ruzuku unayoshinda chuo kinatoa 20 mfukoni, tena zinatoka kwenye ada za wanafunzi, kwahiyo swali la nani anaibiwa siyo jepesi kama unavyoliona.

Ila nikupe na haki yako. Ruzuku moja ya nyongeza haiajiri mhasibu mpya, yule yule aliyepo anaongezewa faili, kwahiyo gharama ya nyongeza ni ndogo kuliko wastani, na ukisimama hapo unaweza kudai asilimia ishuke. Tatizo kila mhadhiri anadai hivyo hivyo kwamba yake ni moja tu ya nyongeza, halafu ikifika ya kumi mhasibu anaacha kazi. Unachotakiwa kudai ni kuonyeshwa hiyo asilimia inatumikaje, hapo ofisi nyingi za ruzuku zinakosea kwa kweli, wanakata halafu wananyamaza, na kunyamaza ndo kunaleta maneno ya wizi.

Mkubwa heshima kwako. Nipo serikalini mwaka wa pili. Kila mwaka wa fedha ukikaribia kuisha naona watu wanakimbizana kutumia hela, semina juu ya semina, samani mpya wakati za zamani nzima. Mimi kama mwanauchumi naumia. Ni uzembe wa watu au nini? (Kijana wa Kaunta)

Mdogo wangu siyo uzembe, ni akili, na hapo ndo ubaya wake. Hela isiyotumika inarudi, na mwakani wanakupunguzia kwa sababu umeonyesha hukuihitaji. Mtu mwenye akili timamu akipewa masharti hayo anafanya nini? Anakaa na hela miezi kumi akiogopa dharura, halafu mwishoni anaifungulia bomba. Usimlaumu bomba.

Na siyo kwenu tu. Jeffrey Liebman na Neale Mahoney walichapisha utafiti 2017 kuhusu manunuzi ya serikali kuu ya Marekani, wakakuta wiki ya mwisho ya mwaka wa fedha matumizi yanafika karibu mara 5 ya wastani wa wiki zingine, mara 4.9 kama unataka kwa desimali, na miradi ya teknolojia ya habari iliyonunuliwa wiki hiyo ilikua na ubora wa chini. Kilichonifurahisha mimi ni kipande cha mwisho, wizara ya sheria ya kule ina ruhusa maalum ya kuhamisha hela iliyobaki kwenda mwaka unaofuata, na kwao huo ubora haukushuka. Watumishi ni wa aina ile ile, nchi ile ile, kilichobadilika ni sharti.

Kwahiyo wewe usianze na kuwasema wakubwa zako kwenye kikao, utaumia bure. Anza kuandika kwenye jedwali lako matumizi ya kila mwezi kwa kila kifungu, miaka miwili tu inatosha, halafu uombe kifungu kimoja kidogo kiruhusiwe kuvuka mwaka. Kimoja, tena kidogo. Mwenye hazina akisikia vyote anafunga faili.

Na ukija siku moja kupewa kazi ya kupima utendaji kwa asilimia ya bajeti iliyotumika, kataa kwa adabu. Charles Goodhart, mwanauchumi aliyekua benki kuu ya Uingereza wakati huo, alishasema tangu 1975 kwamba kipimo ukikigeuza kuwa fimbo ya kuongozea watu kinaacha kupima. Ukipima kwa asilimia ya matumizi utapata matumizi, semina zile zile.

Mwalimu nafundisha uchumi mdogo, ule wa maamuzi ya mtu mmoja mmoja na biashara, na wanafunzi wangu hawaelewi gharama ya fursa, wanaikariri tu kwamba ni kile ulichokiacha. Nifanyeje? (Mwalimu Mwenzako)

Wape swali hili, na usijisikie vibaya ukilikosa mwenyewe. Umepata tiketi ya bure ya kumuona mwanamuziki Eric Clapton, haiuziki. Usiku huo huo mwanamuziki mwingine, Bob Dylan, anapiga na ndo chaguo lako la pili, tiketi yake ni dola 40, na siku yoyote wewe ungekua tayari kulipa mpaka 50 kumuona. Gharama ya fursa ya kwenda kwa Clapton ni ngapi, sifuri, 10, 40 au 50? Paul Ferraro na Laura Taylor waliwauliza wanauchumi 199 kwenye mkutano wao mkubwa Marekani mwaka 2005, waliopata ni asilimia 21.6, yaani wangefumba macho na kubahatisha wangepata zaidi. Jibu walilolitaka ni 10, kwa sababu unachopoteza ni raha ya 50 ukitoa 40 ambazo hukuzilipa. Baadae wengine wakabisha kwamba swali lenyewe lina utata, na ubishi huo nao uulete darasani, ni dhahabu.

Wakishatulia uwape la ofisi yangu ya zamani. Una siku tano na nguvu ya kuandika andiko moja tu la kuomba ruzuku. La kwanza linaleta 100 lakini nafasi ya kushinda ni moja kati ya kumi. La pili linaleta 30, nafasi ni moja kati ya mbili. Ofisi nzima itakimbilia la 100 kwa sababu likipatikana linaingia kwenye jarida la chuo tena na picha. Kwa wastani la kwanza ni 10, la pili ni 15, kwahiyo ukilichagua kubwa umeacha 15 ili upate 10. Nimeona watu wazima wenye digrii tatu wakifanya hivyo mwaka baada ya mwaka, na mimi nikiwemo, nikaandika matatu makubwa mfululizo nikakosa yote matatu na yale madogo yakawa yameshafungwa.

Nimetoka wizara inayogawa ruzuku za vyuo, chuo kimoja tulichokua tunakipa kinanitaka kwa mshahara mzuri. Niende? (Asiyetaka Maneno)

Kwanza soma mkataba wako wa zamani, sehemu nyingi kuna kipindi cha kukaa pembeni kabla hujafanya kazi na uliokua unawasimamia. Pili jiulize kama ulianza kuongea nao kazi wakati bado unasaini hela zao, kama ndio, hilo andika barua ulitangaze kabla halijatangazwa na mwingine. Na ukienda, maandiko yanayokwenda kwa wizara yako ya zamani usiyaguse mwaka wa kwanza, hata kusahihisha nukta. Nakuambia hivi kwa sababu mgongano wa maslahi huwaga hauonekani kwa aliye ndani yake, wewe utaona unasaidia tu.

Mradi wetu umeisha, hela imebaki kidogo kwenye akaunti, mfadhili hajauliza. Tufanyeje? (Mhasibu)

Usisubiri aulize. Andika leo, taja kiasi mpaka senti, sema kwa nini kilibaki, na omba kimoja kati ya viwili, kuongezewa muda bila kuongezewa hela kama kuna kazi ya mradi haijaisha, au akaunti ya kurudishia. Funga na taarifa ya benki ya siku hiyo hiyo, siyo ya mwezi uliopita. Mkaguzi akija atakuta barua kwanza ndo akute salio.